Watoto Wanajiona Si Lolote, na Kuna Anayeingiza Pesa

Tumekaa kimya muda mrefu kwa sababu kila mmoja wetu alidhani jambo hili liko nyumbani kwake peke yake. Mama wa Tandika alidhani binti yake anadeka. Baba wa Mbagala, mwenye bodaboda yake, alidhani mwanawe kaingiwa na uvivu. Mwalimu wa sekondari alidhani ni balehe tu, itapita. Tulipoanza kusemezana, kwenye kikao cha wazazi, msibani, kwenye foleni ya maji, tukakuta wote tunamzungumzia mtoto wa aina moja. Hataki kupigwa picha na ndugu zake, akipigwa anaomba simu aifute. Anajikagua kwenye kioo mpaka anachelewa shule. Ukimuuliza ana nini, anajibu, "Mimi mbaya tu, mama."

Mtoto huyu hajawahi kuambiwa nyumbani kwamba ni mbaya. Babu yake anamwita mrembo wake tangu hajaota meno. Aliyemwambia vingine yumo ndani ya simu, na bando la simu hiyo tunalilipia sisi, kwa pesa ya maandazi, ya abiria, ya cherehani. Hapo ndipo manung'uniko yetu yanapoanzia.

Mwenzetu mmoja ni fundi cherehani pale sokoni. Siku hizi wateja wake vijana hawamwelezi mshono kwa mdomo, wanakuja na picha. Karibu na mahafali ya kidato cha nne alimjia binti mmoja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Tushone nini?"

Binti akamwonyesha gauni la kubana kwenye simu. Fundi akampima kifua, kiuno, nyonga, akaandika kwenye daftari. Binti akachungulia namba ya kiuno, uso ukamshuka, akauliza yule dada wa kwenye picha atakuwa na inchi ngapi. Fundi akaikuza picha kwa vidole, akaitazama kwa muda, kisha akamwambia, "Mwanangu, huyu hana kiuno hiki. Hebu angalia fremu ya mlango hapo nyuma yake." Fremu ilikuwa imepinda kuingia ndani, usawa uleule kiuno kilipobanwa. Vigae vya sakafuni navyo vilikuwa vimekunjamana karibu na nyonga. Programu ya kurekebishia picha ilipouvuta mwili ilivuta na ukuta, na fundi aliyezoea kutazama mistari iliyonyooka kutwa nzima hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Fundi anasema alidhani binti atacheka. Hakucheka. Alisema, "Hata kama, fundi. Watu wameipenda." Akaomba kiuno cha gauni kipunguzwe inchi mbili chini ya kipimo chake, yeye atajinyima kula mpaka siku ya mahafali. Fundi alikataa, akashona kwa kipimo cha kweli. Binti alikuja kulichukua gauni, akalipa, akaondoka bila kulijaribu.

Tumelieleza hili kwa kirefu kwa sababu wapo wataalamu wa semina wanaotuambia kwamba vijana wakielimishwa kuwa picha nyingi ni za kutengeneza, basi shida itakwisha. Huyu alionyeshwa uongo kwa kidole, akauona, akaukubali kuwa ni uongo, na bado alitaka kufanana nao. Usiku uleule alizikuta picha nyingine za namna hiyo zikimsubiri, moja baada ya nyingine, bila mwisho. Elimu ya dakika tano haishindani na kitu kinachofanya kazi usiku kucha.

Na filta zenyewe zina upendeleo wake. Nyingi zinazojiita za kurembesha hufanya kazi ileile: hung'arisha ngozi, huchonga pua, hupunguza taya, hukuza macho. Mtoto mweusi wa Temeke akiiwasha anapata uso uliotakata kidogo na pua nyembamba. Akiizima anarudi kwenye uso aliorithi kwa bibi yake, na sasa anauona una upungufu. Hakuna aliyemtukana. Simu imemfanyia marekebisho ambayo hakuwa na haja nayo, na kwa kufanya hivyo imemwambia palipokuwa na kasoro. Wasichana wa shule nyingi za serikali, ambao kwa utaratibu wa shule hukata nywele fupi, wanasema wazi kwamba bila wigi hawawezi kuweka picha. Dada mwenye saluni mtaani kwetu anatuambia likizo ikifika wanakuja wakiwa wameinamisha vichwa, wanavua skafu wakishafika ndani.

Kutoka hapo kwenda dukani ni hatua chache. Serikali ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na kila baada ya muda tunaona maboksi yakiteketezwa kwenye taarifa ya habari. Lakini mkorogo sasa unatangazwa kwenye mitandao ileile inayomfanya mtoto auhitaji, pamoja na vidonge vya kuongeza makalio na chai za kukata tumbo. Muuzaji ana namba ya wasap na anatuma kwa bodaboda. Mama mmoja alikuta kopo chini ya godoro la binti yake wa miaka 15, halina lebo, lina harufu kali. Ngozi ya shingo ilikuwa imeshaanza kubabuka.

Sisi tulikulia mahali ambapo kumwambia mtu "umenawiri" au "umejazia" ilikuwa kumsifu, na aliyekonda aliulizwa kama anaumwa. Hatusemi zamani hapakuwa na mashaka. Wasichana wa rika letu nao walijitazama na wakajiona wafupi, weusi, wembamba. Lakini waliojilinganisha nao walikuwa wa darasani na wa mtaani, watu waliowajua hata wakiamka asubuhi na tongotongo. Kule Fiji, mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza wasichana wa eneo la Nadroga mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza inafika, akarudi mwaka 1998. Jamii ile nayo ilipenda mwili uliojaa, kama sisi. Aliporudi, 74% ya wasichana walisema kuna nyakati wanajiona wanene mno, na 11% walikuwa wakijitapisha ili wapungue. Mwaka 1995 hapakuwa hata mmoja aliyesema anafanya hivyo. Hiyo ilikuwa televisheni, ya watu wote sebuleni, ambayo haikumtazama mtazamaji wala haikumjua jina. Hii ya sasa inalala naye kitanda kimoja, inajua picha gani aliikawilia, na kesho yake inamletea nyingine ya kufanana nayo.

Halafu kuna suala la kuhesabiwa. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza wanafunzi kumi bora na shule kumi bora, likieleza kwamba utaratibu huo hauna tija. Wengi wetu tuliafiki. Tulikuwa tumeshaona watoto waliopata daraja la pili wakilia kwa sababu si la kwanza. Lakini mtoto huyohuyo ambaye taifa limeona si vizuri kumpanga nafasi mara moja kwa mwaka, anapangwa nafasi kila jioni. Laiki ngapi, waliotazama stetasi wangapi, wafuasi wangapi, nani kaona na hakusema kitu. Kitufe cha laiki kilianza Facebook mwaka 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo yuko sekondari, na hajui dunia ambayo kupendwa kwa mtu hakuandikwi kwa tarakimu chini ya uso wake. Mwalimu mwenzetu alimkuta mwanafunzi wake wa kidato cha pili analia chooni. Alikuwa ameweka picha ya siku yake ya kuzaliwa, wakampa laiki sita, na rafiki yake aliyevaa nguo zilezile za kuazimana akapata zaidi ya mia. Akaifuta. Hilo la kuifuta ndilo linalotuuma: siku aliyozaliwa, kaifuta kwa aibu.

Wavulana wanasahaulika katika mazungumzo haya, na sisi wenyewe tunawasahau kwa kuwa hawalii mbele za watu. Nenda kijiwe chochote cha bodaboda saa ya jua kali, abiria hakuna, wote wameinamia simu. Wanamtazama kijana wa umri wao ameegemea gari jeupe, ana cheni, anawaambia kwamba aliyefika miaka 25 bila gari ni mzembe. Gari lile huenda ni la kukodi kwa saa mbili, na nyumba ni ya kupangisha kwa ajili ya video. Wao wanarudisha simu mfukoni, wanapiga hesabu ya mkopo wa pikipiki, wanaona maisha yamewapita. Neno lao ni "kutoboa". Kijana wa miaka 20 anakuambia, tena kwa unyonge wa kweli, "Baba, mimi bado sijatoboa, na umri unakwenda." Umri gani? Sisi tuliijenga nyumba ya vyumba viwili kwa miaka kumi na tukaihamia haina dirisha, na hakuna aliyetuambia tumechelewa. Kijana aliyekwisha kuaminishwa kwamba amechelewa hutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ipo kwenye simu hiyohiyo: mikeka ya kubeti, na vikundi vya mtu asiyejulikana anayeahidi kuzidisha pesa mara tano kwa wiki. Pesa ikipotea, anajidharau mara mbili. Na akisema anaumia, anajibiwa kwa jina la mtandaoni, "mwanaume suruali".

Majina haya tunayataja kwa uchungu kwa sababu wanaoyaandika si watoto watupu. Ukisoma komenti chini ya video ya binti anayecheza muziki nyumbani kwao, utakuta watu wazima wenye familia wanajadili paji lake la uso, miguu yake, weusi wake. Wengine ni wa mtaa wetu huuhuu, tunasali nao. Watu ambao wasingethubutu kumwambia mtoto wa jirani neno hilo mlangoni kwao, wanaliandika wakiwa wamekaa barazani wanakunywa kahawa. Sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Sisi tumeisikia sheria hiyo ikitajwa zaidi panapotukanwa kiongozi. Anapotukanwa mtoto wa Mbagala, mzazi anaambiwa amwambie mwanawe asiweke picha.

Mzazi mwenzetu mmoja alijaribu njia nyingine. Binti yake aliitwa majina machafu kwa Kiswahili, ya mtaani kabisa, yale ambayo kila mtu hapa anayajua. Akabonyeza kitufe cha kuripoti. Akajibiwa na ujumbe wa mashine kwamba maneno yale yamechunguzwa na hayavunji taratibu. Akaripoti tena, jibu likawa lilelile. Matusi yale yalikaa hapo mpaka binti alipofunga ukurasa wake mwenyewe. Yaani aliyetukanwa ndiye aliyeondoka, waliotukana wamebaki.

Tusiambiwe kwamba kampuni hizi hazikujua. Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilichapisha nyaraka za ndani za Facebook, zilizotolewa na mfanyakazi wake wa zamani Frances Haugen, ambaye mwezi uliofuata alitoa ushahidi mbele ya Seneti ya Marekani. Watafiti wa kampuni wenyewe walikuwa wamewauliza wasichana, na 32% kati ya wale waliokuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao walisema Instagram iliwazidishia. Kampuni ilijibu kwamba matokeo yamesomwa vibaya, kwamba wapo vijana wengi waliosema mtandao unawasaidia. Inawezekana wapo. Lakini mwenye duka la chakula akiambiwa na mpishi wake kwamba mlaji mmoja kati ya watatu wenye matumbo mabovu anazidi kuumwa, hafungi daftari na kuendelea kupakua. Oktoba 2023 majimbo zaidi ya 40 ya Marekani yaliishtaki Meta kwa madhara kwa vijana. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025 aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa, na faini inayoweza kufika dola za Australia milioni 49.5 inabebwa na kampuni, si mzazi wala mtoto.

Na hapa kwetu? Masharti ya mitandao mingi yanasema miaka 13. Umri huo hakuna aliyeuchagua kwa kupima akili ya mtoto; ulitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya faragha ya watoto, inayohusu ukusanyaji wa taarifa zao. Hata huo hauzuii chochote. Mtoto wa darasa la tano anaandika kwamba alizaliwa mwaka 1999, anapita.

Tukilalamika tunajibiwa kwa wepesi: mnyang'anyeni simu. Wanaosema hivyo hawaishi tunavyoishi. Simu yenyewe mara nyingi ni moja, ya mama, na ndiyo anayouzia vitenge na kupokelea malipo. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, lakini mwalimu wa tuisheni anatuma maswali kwenye grupu. Mama anarudi saa tatu usiku, amechoka, analala. Mtoto anaichukua simu chini ya mto, maana yapo mabando ya usiku yanayouzwa kwa bei ya chini, na mtoto anayajua kuliko sisi. Tumejaribu kukataza. Waliokatazwa wameazima kwa rafiki, au wamepewa simu na mtu mzima ambaye hatukumjua na ambaye alikuwa na haja zake. Kwa mzazi wa kipato chetu, kunyang'anya bila kuwa na muda wa kukaa na mtoto ni kuhamisha tatizo kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Wala hatuombi mtandao uzimwe. Tuliona ukizimwa Oktoba 2025 wakati wa uchaguzi, na tukaona biashara zetu zilivyosimama. Tunalikumbusha hilo kwa sababu moja: nchi yenye uwezo wa kuzima mtandao haiwezi kutuambia haina ubavu wa kuzungumza na wenye mitandao. Wala hoja ya kwamba kampuni ziko mbali haitoshi tena. Kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa ajili ya sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa ikifanyika Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, na waliokuwa wakiifanya ni vijana, waliotazama ukatili kutwa ili wengine wasiuone. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Kama vijana wale wameweza kuifikisha kampuni hiyo mbele ya hakimu, Mamlaka ya Mawasiliano na wizara husika zina wanasheria, zina ofisi, na zina leseni za mitandao ya simu mkononi.

Tunachotaka si kikubwa. Tunataka malalamiko ya Kiswahili yasomwe na mtu anayekijua Kiswahili, cha mtaani na cha kitabuni, na mzazi apate jibu linaloeleweka. Tunataka picha ya tangazo iliyorekebishwa mwili iwe na alama, kama Norway ilivyoweka kwenye sheria yake mwaka 2021. Alama haitamponya mtoto, lakini mwenye kulipwa kwa tangazo asiruhusiwe kudanganya kimyakimya. Tunataka wauza mkorogo na vidonge wafuatwe huko mitandaoni walikohamia, si kwenye maduka ya Kariakoo peke yake. Tunataka polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto wampokee mzazi anayekuja na picha za matusi kama wanavyompokea anayekuja na mtoto aliyepigwa. Na kila shule ya sekondari iwe na mwalimu wa malezi mwenye muda wa kazi hiyo, asiwe mwalimu wa hesabu aliyebebeshwa na ushauri nasaha juu ya vipindi vyake vyote.

Yapo pia ya kwetu wenyewe, ambayo hayahitaji waziri. Tuache kuweka matokeo ya mtihani ya watoto kwenye stetasi ili wengine wajione wameshindwa. Tuache kumwambia binti "siku hizi umekuwa mweusi" mbele ya wageni. Anayemwona jirani yake akimkomentia vibaya mtoto wa watu, amkanye kwa jina, hadharani, hapohapo alipoandika.

Na mzazi mwenye mtoto aliyeanza kujifungia ndani, asiyekula, anayesema heri asingezaliwa, tunakuomba usidhani ni deko na usingoje kikao kijacho cha shule. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandike leo ukutani, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaiona.